Bamvua, Pilau na Wajukuu Kumi na Mmoja

Idi hii Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, hakutaka doti ya kanga wala udi wa Muscat. Alitaka picha moja ya wajukuu wake wote, ipigwe nje, na kila uso utoke. Hilo la uso alilikariri mara mbili huku ananitazama mimi, nami sikuhitaji kufafanuliwa.

Wajukuu ni kumi na mmoja. Wanane wako hapa Unguja, watatu wako Muscat na baba yao, shemegi yangu, ambaye safari hii Mwenyezi Mungu alimjaalia likizo ikaangukia Idi el-Fitri. Kwa hiyo ilikuwa fursa. Lakini mwanangu wa kati ndiye hasa aliyekuwa ndani ya maneno ya Bi Mkubwa. Yeye ndiye mweusi kuliko wenzake wote, weusi wa babu yake wa Nungwi, baba yake Bi Mkubwa, mvuvi ambaye mpaka leo watu wa kule wanamtaja. Ni weusi safi, wa kung'aa. Tatizo ni kwamba katika picha zetu zote za rangi, za harusi, za akika, za skuli, mtoto huyu hana uso. Kanzu ipo, kofia ipo, meno yapo ikiwa amecheka, na baina ya kofia na kanzu pana kiza. Alipokuwa mdogo hakujali. Siku hizi alikuwa ameanza kujipanga nyuma ya wenzake, na akivutwa mbele anasema, "Niacheni, mimi sitokei."

Mtoto wa miaka tisa akisema "mimi sitokei", watu wazima wa nyumba hiyo wana kazi ya kufanya.

Na mtu asije akamwambia Bi Mkubwa kwamba ngozi ya ukoo ule haipigiki picha. Anayo picha ya uarusi wake, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Ndani ya picha hiyo amesimama na baba yake, mvuvi yule yule, mweusi kama mwanangu au zaidi, na uso wake umetoka wote: makunyanzi ya jua, ndevu zilizochanganya mvi, hata wasiwasi wa mzee anayemtoa binti. Taa iliwekwa upande, na nyuma ya kamera alikuwapo mtu aliyemtazama mzee yule vizuri kabla ya kubonyeza. Bi Mkubwa alitaka hivyo hivyo kwa wajukuu, ila nje, kwa sababu watoto kumi na mmoja, kwa maneno yake, hawafungiki chumbani.

Idi mosi amri ilishikwa na wifi yangu mkubwa. Hoja yake ilikuwa na nguvu: nguo za watoto zina usafi wa saa chache tu, basi picha ipigwe mara baada ya pilau, pasi ingali inaonekana. Tukatoka uani, nyumbani kwetu Kikwajuni, saa saba mchana.

Sikukuu iliangukia mwezi wa Machi. Kisiwa chetu kiko kama digrii sita kusini mwa ikweta, na mwezi huo jua linapita juu ya ikweta yenyewe, maana yake mchana linasimama karibu na utosi. Mwanga unamwagika juu ya kipaji na ncha ya pua, macho yanabaki chini ya kivuli cha nyusi. Ukuta wa ua wetu tulikuwa tumeupaka chokaa kwa ajili ya Idi, ukawaka. Wifi alipiga kwa simu, akapiga tena, akawasogeza kulia, akawarudisha kushoto. Mdogo kuliko wote, binti wa shemegi, ana miaka miwili na alikuwa amenunuliwa viatu vile vinavyolia kila mtoto akikanyaga. Aligundua siku hiyo kwamba akikimbia vinalia zaidi. Kila wifi akihesabu moja, mbili, tatu, viatu vinalia nyuma ya pipa la maji na vichwa kumi vinageuka.

Tulipoangalia picha, kila mtoto alikuwa na mashimo mawili mahali pa macho, na mwanangu alikuwa kanzu iliyosimama peke yake. Aliichukua simu, akaitazama, akairudisha mkononi mwa shangazi yake kwa adabu. "Si nilisema?" Akaenda zake kucheza.

Idi pili tukahamia Forodhani. Hii ilikuwa fikra ya shemegi, na namwelewa. Mtu anayeishi ughaibuni anataka picha ambayo ukiitazama unajua ni Zanzibar: bustani, Ngome Kongwe, majahazi, bahari. Bustani ile ilitengenezwa upya na shirika la Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, na jioni za kawaida ni mahali pazuri mno pa kumpiga mtoto picha. Jioni ya Idi ni habari nyingine. Mji mzima uko pale na nguo mpya, na kila mtoto amekamata mkono wake wa Idi na anatafuta pa kuutumia. Wetu waliutumia kwenye urojo. Binti yangu mkubwa alikuwa amevaa gauni jeupe la lesi, akapigwa kumbo na mtu aliyebeba mishikaki, na ule urojo wa manjano ukamshuka kuanzia kifuani mpaka pindoni.

Kijana wa kamera tuliyemkodi pale pale alikuwa mpole na mwepesi, lakini alikuwa na mpango mmoja tu: watu wasimame migongo baharini ili majahazi yaonekane. Forodhani inatazama machweo. Saa kumi na moja jioni, ukimsimamisha mtu mgongo baharini, jua lote liko nyuma yake, na kamera inalitii jua. Picha zilitoka na bahari ya dhahabu na mbele yake vivuli kumi na kimoja vyeusi vya kukata na mkasi. Safari hii mwanangu alifurahi kidogo kwa sababu wote walikuwa hawana nyuso. "Leo tumekuwa sawa," aliwaambia binamu zake. Bi Mkubwa hakufurahi.

Kijana akatugeuza. Sasa jua likawa usoni, macho yote yakafinyika, na kwa bahati mbaya watoto wakawa wanatazama ule ukuta wa pwani ambapo vijana wa mjini huruka baharini maji yakijaa. Na maji yalikuwa yamejaa hasa. Vijana wanakuja mbio, wanapaa, wanajikunja hewani, wanaingia. Kifungua mimba wa shemegi, miaka kumi na mitatu, mtoto wa Muscat ambaye hajapata kuona mtu akiruka mjini kati ya watu bila ya tiketi wala kitambulisho, alitoka kwenye mstari. Tulidhani anakwenda kutazama. Alivua viatu tu. Kanzu yake ya Kiomani, yenye kishada shingoni, ilifumuka hewani ikajaa upepo, kisha hatukuiona tena.

Mama yake alipiga kelele ambayo naamini ilisikika Shangani yote. Shemegi alianza kuvua saa. Bi Mkubwa, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na fimbo yake, hakuinuka. "Mwacheni," alisema. "Anajua kuogelea, na maji ni marefu, hayagongi mwamba. Leo ni bamvua."

Ndipo alipotueleza jambo ambalo mtoto wa mvuvi analijua toka tumboni na sisi watu wa mjini tunalipita. Idi el-Fitri ni mwezi unapoandama, na mwezi ukiandama ndipo maji yanapokuwa ya bamvua, yanajaa mno na kukupwa mno. Kwetu hapa tofauti ya juu na chini inafika kama mita nne. Na bamvua la Unguja hujaa alasiri na jioni. Maana yake kila Idi ya mfunguo mosi, saa za watu kutoka na watoto wao kwenda pwani ndizo saa pwani inapokuwa haipo. Anayetaka mchanga wa kusimama watu wengi aende mapema, kabla maji hayajapanda, na kila siku inayofuata maji huchelewa kuliko yale ya jana, basi ahesabu.

Mtoto alitoka majini anacheka, kishada kimemshikilia sikioni. Kijana wa kamera alimpiga picha hiyo, na ni nzuri sana, lakini ni ya mjukuu mmoja. Adhana ya Magharibi ikalia. Karibu na ikweta jua haliagi. Linazama wima, na baada ya dakika kama ishirini mwanga umekwisha. Tukakusanya viatu tukarudi.

Usiku ule mdogo wangu aliwasili na boti kutoka Pemba. Kazi yake ni picha za harusi, na ninamtaja kwa fahari. Nilimwekea kahawa na kashata, nikamwekea na albamu zetu, nikamwonyesha mwanangu, mwaka baada ya mwaka, kiza juu ya kiza. Alizipitia zote kimya, kisha akasema, "Dada, mtoto hana ila. Waliompiga walipima kanzu."

Kamera, alieleza, haijui kama inatazama ukuta, mnazi au mtu. Inakusanya mwanga wote ulio mbele yake na kudhani kwamba kwa wastani vitu vinarudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoviangukia, yaani kijivu cha kati. Mpange mtoto mweusi ndani ya kanzu nyeupe, mbele ya ukuta wa chokaa, baina ya wenzake kumi wenye kanzu na magauni meupe: kamera inaona weupe mtupu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinatoka vizuri kabisa. Aliyelipa ni mwenye uso.

Na si hesabu ya kamera peke yake. Alitueleza habari ya kadi za Shirley, ambayo sikuwa nimeisikia na ambayo ilininyima usingizi. Kwa miaka mingi, kuanzia katikati ya karne iliyopita, kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke, ili mafundi walinganishe rangi. Mwanamke huyo alikuwa Mzungu mweupe, na kadi ikabaki na jina la Shirley hata wanamitindo walipobadilika. Rangi zikitoka sawa kwake, zimetoka sawa kwa dunia. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kabla ya hapo, mtafiti wa Kanada Lorna Roth ameandika, msukumo wa kuifanya filamu ishike vizuri rangi za giza ulitoka pia kwa wenye viwanda vya chokoleti na vya fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiki kwenye matangazo. Bi Mkubwa alimsimamisha hapo. Aliuliza kama amesikia sawasawa, kwamba kabati lilisikilizwa kabla ya mtoto. Mdogo wangu akasema ndivyo ilivyoandikwa. Bi Mkubwa akaweka kikombe chini akasema kesho tunakwenda Bububu, saa tisa, na picha hii itapigwa.

Idi tatu ilianza na mvua ya masika iliyopiga bati tangu alfajiri. Wifi aliona mambo yamekwisha. Mdogo wangu alikuwa mlangoni anaangalia mbingu kwa furaha ambayo sikuielewa mpaka tulipofika. Saa nane mvua ilikatika, mawingu yakabaki, na Bububu ilikuwa na ule mwanga wa baada ya mvua usio na upande, unaozunguka uso wote bila kuchimba macho. Mchanga uliolowa ulikuwa unang'aa na kurudisha mwanga kutoka chini, chini ya videvu na ndani ya macho. Maji yalikuwa nusu, yanapanda, kama Bi Mkubwa alivyohesabu, ufukwe ulitosha. Tulitandika mkeka pembeni mwa kivuli cha mkungu. Mdogo wangu alitukataza tusiingie ndani ya kivuli hasa, kwa kuwa majani hutia ukijani kwenye nyuso, akawageuza watoto watazame upande ulio wazi, baharini.

Kulikuwa na mjadala wa kanzu. Yeye alipendekeza wavulana wavae mashati ya rangi. Wifi akauliza Idi gani hiyo ya mashati. Bi Mkubwa akasema kanzu zibaki. Basi mdogo wangu akaenda mpaka mbele ya mwanangu, akapiga magoti, akaisogeza kamera mpaka uso ule ukajaa, akapima pale. "Kanzu zikififia kidogo hapana neno," alisema. "Kanzu tunajua ni nyeupe. Uso ndio hatujauona."

Kisha akarudi nyuma, mbali kuliko nilivyotegemea, kwa sababu lenzi ikisogezwa karibu na kundi huwavuta walio pembeni wakanenepa na kupinda. Alifunga tundu la lenzi mpaka f/8 ili mstari wa mbele na wa nyuma wote wawe wakali, na kasi akaiweka moja ya mia tano ya sekunde kwa ajili ya yule wa viatu. Akalala kifudifudi mchangani, macho yake sawa na ya watoto. Hakuhesabu moja, mbili, tatu. Hakusema chekeni. Aliwauliza, "Bibi amefunga kitu kwenye pindo la kanga. Nani anakijua bila kuinuka?"

Watoto kumi na mmoja walimwinamia Bi Mkubwa kwa pamoja. Mmoja akasema pesa, mmoja akasema halua, wa Muscat akasema ufunguo, mwanangu akasema ni halua na ameinusa tangu ndani ya gari. Alikuwa mstari wa mbele, goti lake juu ya goti la bibi yake, amesahau kujificha. Mdogo wangu anabonyeza. Na katikati ya ubishi huo wimbi la bamvua, lililotangulia wenzake, likapanda mpaka pembe ya mkeka na kuondoka na kiatu kimoja cha yule wa miaka miwili.

Mtoto akalia. Wa Muscat akaruka, kwa kuwa sasa alikuwa bingwa wa maji. Lakini Bi Mkubwa alikuwa karibu zaidi. Mwanamke anayepanda ngazi zetu kwa kushikwa mkono alijinyoosha juu ya wajukuu, akaingiza mkono majini, akakidaka kiatu na kukiinua juu. Kikabanwa mkononi mwake, kikatema maji, na kikalia. Sauti ile ile, ila ya kuzama. Sijapata kuwaona watoto wale wakicheka namna ile, wote, mpaka wa Muscat aliyekuwa amesimama hewani mguu mmoja. Na mdogo wangu, amelala mchangani, alikuwa bado anabonyeza.

Ningependa kusema yakaishia hapo. Picha hiyo ya kiatu tuliipeleka dukani kusafishwa kwa ukubwa wa kutundikwa, na nilipokwenda kuichukua nilikuta watoto wa watu wengine. Ngozi zote zimepaushwa, zimelainishwa, Bi Mkubwa hana kunyanzi hata moja, mwanangu amekuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Nimeisafisha sura, mama," kijana wa dukani aliniambia, na alisema kwa wema. Kompyuta inafanya hivyo yenyewe, na wateja wengi wanashukuru. Nilimwomba kiti nikakaa. Nilimwambia, mwanangu, huyu mtoto miaka yote alikosa uso kwa giza, leo umempa uso wa mtu mwingine, na yote mawili ni kumfuta. Nilimwambia hayo bila hasira, lakini sikuondoka. Aliirudisha picha ilivyokuwa, akaichapisha upya mbele yangu, na ilipotoka alisogea karibu na dirisha akaitazama kwa muda. "Kumbe ilikuwa nzuri," alisema.

Ninaliweka hili wazi kwa wazazi wenzangu, maana simu zetu nyingi sasa zina tabia hiyo na huifanya kabla hujaiomba. Izimeni. Mpimieni mtoto usoni, si kwenye nguo. Mtoeni kwenye jua la utosini, mngojeeni wingu au ukingo wa kivuli, na mpeni jambo la kufanya na mtu anayempenda. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake kwenye shavu na kipaji, na mng'ao huo ndio unaoichora. Ukiulainisha wote unabaki na doa.

Mwanangu aliipokea picha kwa mikono miwili. Alijitafuta, akajiona mara moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Alisogeza kidole mpaka juu ya jicho lake la kushoto. "Hata kovu langu limetoka," akasema, lile la kuanguka mwembeni, na akataka apewe nakala ya kupeleka skuli awaonyeshe wenzake.

Muscat ilitumwa nakala ya simu. Shemegi alijibu kwa sauti ndefu, nyuma yake watoto wanagombana nani ametoka vizuri. Mke wake alitaka kujua kama kiatu kinaweza kufutwa. Bi Mkubwa akakataa kabisa. Yule wa miaka kumi na mitatu akanyakua simu ya baba yake: wamekata shauri kuja tena Idi kubwa, na je, Bibi, siku hiyo naweza kuruka Forodhani kabla ya picha?

Bi Mkubwa alihesabu kwa vidole, midomo yake inacheza. Idi kubwa ni mwezi kumi wa Mfunguo Tatu. Maji mafu, kinyume cha bamvua. Yatajaa kabla ya mchana, na jioni yatakuwa yamekupwa.

"Hakuna kuruka," alimwambia. "Lakini mchanga utakuwa mpana. Mwambie baba yako amchukue na mtoto wa jirani yenu asiyekuwa na watu wake wa Idi, nafasi ipo."